Miziki mu nyumba: tuhesabu mega mbele ya kulipa abonoma

Mu hii ukurasa tunazoea kuzungumuza mushahara, kontra na hali ya kazi. Leo tunazungumuza miziki. Musicheke. Kila mwisho wa mwezi, pale mushahara inaingia, mu nyumba mingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kuko mabishano: nani amemaliza mega? Baba anasema ni watoto. Watoto wanasema ni mama na nyimbo zake za kanisa. Mama anasema ni baba na mpira yake. Kisha kijana mukubwa wa nyumba anakuja na shauri: "Papa, tulipe abonoma ya familia. Watu sita, bei moja, mambo inaisha."

Je, inaisha kweli? Pengine ndiyo, pengine hapana. Hizi abonoma zilipangwa kwanza kwa nyumba za Stockholm na Paris. Kule wifi iko usiku na muchana, kuran haikatike ovyo, kila mutu ana telefoni yake, na karte ya banki iko mu mufuko. Lupango yetu haifanane na ile. Kwetu kuran inaenda na kurudi vile inapenda, rezo inapungua pale mvua inanyesha, na telefoni moja inaweza kutumikia watu watatu.

Kwa hiyo tuseme wazi tangu mwanzo. Kwetu, bei ya kweli ya miziki si abonoma peke yake. Ni mega. Servisi ya kuchagua ni ile inakuacha upakue nyimbo mara moja, usikilize mara mingi bila rezo, na iko na nyimbo za watu wote wa nyumba, si za yule tu mwenye kushika telefoni.

Mega zinaendaka wapi

Wengi wanasikia neno "striming" na hawakuelezwa vile inatumika. Ni jambo nyepesi. Wimbo unakaa mbali, mu ordinatere kubwa za kampani. Ukibonyeza, unapita mu rezo na unaingia mu masikio yako, lakini haukae mu telefoni. Ni kama maji ya robine: ukifunga robine, mu ndoo hamuna kitu. Kesho ukitaka ule wimbo tena, mara mingi utafungua robine tena, na kompteri inatembea.

Kupakua, ile tunaita kutelesharje, ni kujaza ndoo. Unatumia mega mara moja, kisha unakunywa muzima muzima mpaka ndoo inakauka. Tena hata rezo ikikufa, hata uko ndani ya basi ya kazi kati ya Fungurume na Likasi, wimbo unaendelea.

Sasa tufanye hesabu pamoja, sawa vile tunafanya hesabu ya saa za ziada. Ku Spotify, kwa mufano, mutu anaweza kuchagua uzito wa sauti: kilobiti 24, 96, 160 ao 320 kwa kila sekunde. Biti 8 zinafanya okteti moja. Chukua 96, gawanya na 8, unapata kilo-okteti 12 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3600. Hiyo inakuwa karibu mega 43 kwa saa. Ukichagua 24, ni karibu mega 11 kwa saa. Ukichagua 160, ni mega 72. Ukichagua 320, ni mega 144.

Mutu mumoja akisikiliza saa mbili kila siku kwa uzito wa 96, kwa siku 30 amekula mega 2.600 hivi, ni kusema giga mbili na nusu na kidogo. Watu wane mu nyumba wakifanya vile vile, munapita giga 10. Sasa angalia bei ya giga 10 ku rezo yako, uiweke pembeni ya bei ya abonoma. Hapo njo utaona nani anakula mushahara wako.

Geuza upande mwingine. Wimbo wa dakika 4, kwa uzito wa 96, unapima karibu mega 3. Nyimbo 100 ni mega 300. Ukizipakua mara moja, unaweza kuzisikiliza mwezi muzima, asubuhi na magaribi, na hautoe tena mega. Mega 300 kwa mwezi na mega 2.600 kwa mwezi si jambo moja. Ile tofauti ni sukari ya nyumba.

Video, hiyo ni mambo ingine. Vijana wengi wanaitaka YouTube kusikiliza miziki tu, telefoni imelala chini, hakuna mutu anaangalia picha. Lakini picha inaendelea kukula. Video ya kawaida inaweza kula mara kumi ya sauti peke yake. Tena kwa mutu asiyelipa, kioo kinapaswa kubaki wazi, na betri inakwisha mbele kuran irudi. Kama ni kuangalia, uangalie. Kama ni kusikiliza, tafuta aplikasio ya sauti.

Nani wako ku soko

Majina ni mingi, lakini kwa nyumba ya kwetu tunaweza kuyahesabu ku vidole.

Spotify ni ya Suede. Ilianzishwa 2006, na hapa Kongo ilifunguliwa mu mwezi wa 11 wa 2021. Iko na njia ya bure yenye matangazo, na njia ya kulipa. Mu njia ya bure haupakue nyimbo. Weka hiyo mu kichwa, juu watu wengi wanaisifu bila kusema ile.

Apple Music ilifika kwetu 2020. Inatumika hata ku telefoni za Android, si iPhone peke yake. Lakini haina njia ya bure: baada ya muda wa kujaribu, unalipa ao unatoka.

Deezer ni ya Ufaransa, ilianza 2007. Wenye kusoma Kifransa wanaona maneno yake ni mepesi kufuata. Nayo iko na njia ya bure na ya kulipa.

Boomplay ilianza Nigeria 2015. Wengi wetu tuliikuta tayari ndani ya telefoni za Tecno, itel ao Infinix siku tulizinunua, hata hatukuiomba. Iko na miziki mingi ya Afrika, na njia ya bure yenye matangazo.

Audiomack ni ya Marekani, ilianza 2012. Vijana wanaipenda juu inaacha hata mutu asiyelipa apakue nyimbo kadhaa.

Sisemi moja ni nzuri na ingine ni mbaya. Mimi siuzi telefoni. Nasema hivi: zote zinakuacha ujaribu, ao kwa njia ya bure, ao kwa mwezi wa kujaribu. Jaribu mbele ya kulipa, hapa kwetu, na rezo yako, ku telefoni yako ya kila siku. Usijaribu ku telefoni mupya ya shemeji aliyetoka Ulaya. Telefoni ya zamani yenye nafasi ndogo inaweza kukataa aplikasio nzito, na wewe umeisha kulipa.

"Familia ya watu 6": tusome karatasi mbele ya kusaini

Sisi wa sendika tuko na tabia moja: hatusaini karatasi hatujaisoma mpaka chini. Abonoma ya familia ni kontra, na kila kontra iko na masharti yake.

Ku Spotify, ku Apple Music na ku Deezer, neno "familia" maana yake ni watu mpaka 6. Kila mutu anapata konti ao nafasi yake, na nyimbo zake. Ni muzuri, juu nyimbo za kwaya za mama hazichangane na rapu ya mutoto. Lakini ku Spotify sharti ni kusema wote mukae mu nyumba moja, ku adresi moja. Kaka yako wa Kipushi na dada yako wa Kalemie hawahesabiwe, hata kama ni damu moja. Familia yetu ni kubwa kuliko familia ya karatasi yao.

Na abonoma ya mutu mumoja? Hapo njo mabishano inazaliwa. Konti moja ya Spotify haiimbe kwa telefoni mbili mara moja mu rezo. Baba akifungua wimbo ku kambi, ule wa mama unanyamaza kule nyumbani. Mama anafikiri rezo imekatika, anafungua tena, wa baba unanyamaza. Kwa hiyo usidanganywe: konti moja ya watu watano si uchumi, ni vita.

Tuchukue mufano wa nyumba moja, vile ziko mingi Kolwezi. Baba anatumika mu kampani ya sutretansi, anakaa kambi wiki mbili, kisha anarudi wiki moja. Mama anauza unga na mafuta ku soko. Koko mwanaume anakaa nao. Kuko kijana wa iniversite na watoto wawili wa shule. Ni watu sita, lakini telefoni za intaneti ni tatu tu: ya baba, ya mama na ya kijana. Koko ana redio na katelefoni ka kubonyeza. Hawa wakilipa "familia ya watu 6", wanalipa nafasi tatu zisizo na mutu. Kwao inapashwa kugawanya bei na 3, si na 6. Ikibaki chini ya bei ya konti tatu za peke peke, walipe. Ikipita, waache. Ku Spotify kuko tena abonoma ya watu wawili wenye kukaa pamoja, inaitwa Duo. Kwa baba na mama inaweza kutosha, na kijana akabaki ku njia ya bure.

Kwa baba wa kambi, kupakua kuna maana zaidi. Kama kambi iko na wifi saa za mapumuziko, apakue pale nyimbo zake na za nyumba yote, aje nazo. Lakini ajue jambo hii: nyimbo ulizopakua kwa abonoma hazikuwe zako. Ku Spotify, telefoni inapashwa kuingia mu rezo walao mara moja kwa siku 30, kusudi kampani ione kama ungali unalipa. Ukiacha kulipa, ndoo inakauka, hata kama ulitumia mega zako mwenyewe kuijaza.

Na neno moja la delege, munivumilie. Miziki ni ya mapumuziko. Ekutere mu masikio pale kamyo ya bene inarudi nyuma, ao pale wanapiga king'ora cha kulipua mine, ni hatari ya kifo. Hakuna wimbo unaostahili kidole, sembuse mutu. Tunaomba wenye ekipe waseme hii asubuhi pamoja na mambo ya kofia na buti.

Nyimbo za koko ziko ndani?

Hapa njo watu wanasahauka. Kijana anaangalia kama Fally Ipupa yuko, kama Diamond Platnumz yuko. Yuko, bila shaka. Hao wako kila pahali. Lakini nyumba si kijana peke yake. Mama anataka Rose Muhando na kwaya za kanisa yake. Koko anataka gita ya zamani ya Katanga: Mwenda Jean-Bosco, Édouard Masengo, Losta Abelo. Na wote pamoja, siku ya sikukuu, wanataka OK Jazz ya Franco na sauti ya Mbilia Bel.

Mbele ya kulipa, kaa na koko na mama, chukua karatasi, kila mutu ataje nyimbo ao waimbaji kumi. Kisha tafuta majina yale mu kila servisi ya bure, moja kwa moja, uweke alama. Hii kazi inachukua saa moja. Servisi inayopata alama mingi, hiyo njo ya nyumba yenu. Usifuate ya jirani.

Lakini mutafute muzuri, juu majina ya wazee wetu yameandikwa kwa namna mingi. Mwenda utamukuta kama "Jean Bosco Mwenda", kama "Mwenda Jean Bosco", ao "Mwenda wa Bayeke". Franco anaandikwa "Franco", "Luambo Makiadi", "OK Jazz" ao "TPOK Jazz". Ukijaribu jina moja na ukakosa, usiseme haiko. Jaribu matatu.

Kwa Mwenda kuko historia inayostahili watoto waisikie. Mu 1952, Hugh Tracey, muzungu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kukamata sauti, alimukuta Jadotville, ni kusema Likasi yetu ya leo, na akakamata gita yake. Zile sauti zimetunzwa ku maktaba ya miziki ya Afrika ambayo Tracey alianzisha 1954 ku Afrika ya Kusini. Ni juu ya mashini ile kijana wa Likasi wa leo anaweza kumusikia mupiga gita wa wakati wa babu yake. Koko akisikia ile gita ikitoka ku telefoni ya mujukuu, hataulize tena juu ya nini tunalipa.

Kwaya za kwetu, za Wakatoliki, Wametodisti, Wapentekote na wengine, ni shida kubwa zaidi. Zingine ziko, zingine haziko kabisa, juu hakuna mutu wa kuziweka. Kwaya haiingie Spotify kwa kugonga mulango. Inapita kwa kampani za katikati zenye kugawanya nyimbo ku servisi zote, na zile zinaomba feza ao sehemu ya mapato. Mama akikosa kwaya yake, si kosa la aplikasio peke yake. Vijana wa parokia wanaoelewa intaneti, hiyo ni kazi yenu.

Kulipa: mulango wa kuingia na mulango wa kutoka

Servisi mingi za inje zinaomba karte ya banki. Kwetu watu wengi wanatunza makuta mu telefoni: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Uulize mbele: hii servisi inakubali feza ya telefoni hapa Kongo, ao inataka Visa? Kama inataka karte na wewe hauna, utaomba karte ya mutu mwingine, na hapo umeingia deni na mabishano.

Angalia pia feza inahesabiwa kwa dolari ao kwa franga. Kama mushahara wako ni wa franga na abonoma ni ya dolari, bei inaweza kupanda bila kampani kubadilisha hata senti moja.

Na jambo kubwa: abonoma inajilipa yenyewe kila mwezi. Mwezi wa kujaribu ni bure, lakini siku inaisha, makuta yanaenda bila kukuuliza. Siku ile ile unaingia, andika ku kalendari siku ya kutoka, na utafute mbele pahali pa kubonyeza kwa kuacha. Kontra ambayo haujue mulango wake wa kutoka, usiingie.

Mupiga gita anapata nini?

Mimi mutu wa sendika siwezi kuacha hii. Pale tunauliza bei ya shaba ni ngapi na muchimbaji anapata ngapi, tuulize vile vile kwa muimbaji.

Spotify inasema karibu sehemu mbili kwa tatu za mapato ya miziki zinarudi kwa wenye haki. Ni kusema kampani za sahani, waandishi na wengine. Wao njo wanalipa muimbaji kufuatana na kontra yake. Lakini vile inagawanywa, wengi hawajue. Makuta hayatoke mufukoni mwako moja kwa moja kwa yule ulisikiliza. Yanaingia mu chungu kimoja, kisha chungu kinagawanywa kufuatana na hesabu ya masikilizo yote. Kama mwezi muzima ulisikiliza mupiga gita mumoja wa Likasi, makuta yako hayaendi kwake yote. Mengi yanaenda kwa wale wanaosikilizwa na watu wengi zaidi.

Tena tangu 2024, ku Spotify wimbo usiofikisha masikilizo 1.000 mu miezi 12 haulipwe kwa upande wa haki za sauti iliyokamatwa. Muimbaji mudogo wa mutaa wetu, mwenye masikilizo 800, hapati kitu. Deezer, tangu 2023, ilianza na kampani ya Universal namna ingine ku Ufaransa: muimbaji anayefikisha masikilizo 1.000 kwa mwezi kutoka kwa watu 500 tofauti, masikilizo yake yanahesabiwa mara mbili. Hata pale, mudogo kabisa anabaki inje ya muzani.

Sisi watu wa mine tunaijua hii hadisi. Mwenye kushika muzani njo anasema kilo ngapi. Rumba ya Kongo zote mbili iliandikwa na UNESCO mu mwezi wa 12 wa 2021, tukafurahi, na ni haki yetu kufurahi. Lakini jina ku karatasi ya UNESCO halinunue nyuzi za gita.

Je, tusilipe basi? Hapana. Mutu anayelipa anatia mu chungu kuliko yule wa bure. Tena striming ya bure inatia kitu kidogo, lakini nyimbo tunazojaza ku karte memwari ku soko, kwa kijana mwenye ordinatere, hazitie hata franga moja kwa muimbaji. Ninaelewa juu ya nini tunafanya vile: ni bei ya chini na haiombe rezo. Ila tujue nani anafanya kazi bure. Na yule muimbaji wa mutaa unayemupenda, musaidie mukono kwa mukono: nunua sahani yake, lipa kiingilio ku konseri yake, ao umutumie kitu kwa M-Pesa. Hakuna chungu cha katikati pale.

Tukutane mu lupango

Mbele ya kulipa, nyumba yote ikae. Si baba peke yake aamue, juu yeye si musikilizaji peke yake. Mama aseme, koko aseme, watoto waseme. Mujiulize mambo matano:

1. Telefoni za intaneti mu nyumba ni ngapi kweli, na ziko na nafasi ya kutunza nyimbo?
2. Ku karatasi ya majina ya koko, ya mama na ya vijana, servisi gani imepata alama mingi?
3. Tunaweza kupakua wapi kwa bei ya chini: wifi ya kazi, ya iniversite, ao forfe ya usiku kama rezo yetu inaiuza?
4. Tutalipa na nini, mu feza gani, na tunatoka namna gani?
5. Abonoma pamoja na mega, vyote viwili kwa mwezi, ni ngapi? Tunaacha kununua nini?

Nyumba yenye telefoni moja ao mbili, na rezo ya shida, sioni sababu ya kulipa familia. Itumie njia ya bure yenye kupakua kidogo, ishushe uzito wa sauti, na redio ibaki ku meza. Redio haikule mega hata moja, na koko anaijua kuifungua mwenyewe. Nyumba ya watu wawili wenye kazi, mumoja wao wa kambi, ifanye hesabu ya watu wawili. Nyumba yenye telefoni inne na zaidi, watoto wakubwa, na pahali pa kupata wifi kila wiki, hiyo njo abonoma ya familia inaweza kuwa uchumi wa kweli, kwa sharti kila mutu apakue na kuzima mega pale anasikiliza.

Mukisha kuamua, muandike ku karatasi: nani analipa, tarehe gani, na siku gani mutakaa tena kuangalia kama inafaa. Miezi mitatu inatosha kuona. Kama mega zimepungua na mabishano imepungua, muendelee. Kama hapana, mutoke bila haya. Mushahara wa mine unatoka chini sana mu udongo; si muzuri upotee mu hewa bila mutu kujua umeenda wapi.